Tulipongoja Ziwa Ligande

Mama hakukubali kamwe kwamba maji yale ya Buffalo ni ziwa. Kwake, ziwa lilipaswa kuzungukwa na milima, kama Kivu tulikozaliwa. Lisilo na milima ni mafuriko yaliyosahau kurudi. Siku alipoiona picha kwenye kalenda ya kituo alikokuwa akisafishwa damu kwa ugonjwa wa figo, aliitazama muda wote aliolala kwenye mashine. Milima pande zote, ziwa jeupe katikati, na watu wakitembea juu yake. Alimwuliza nesi kama picha ile imetengenezwa tu. Nesi akamwambia mahali hapo papo kweli, mwendo wa saa sita hivi kwa gari.

Jioni hiyo akanipigia simu Louisville, ninakokaa. Tangu tufike Amerika, Mama hakuwa ameniomba chochote zaidi ya vitenge na unga wa muhogo. Safari hii aliniomba nimpeleke huko.

Nililishika jambo hilo kama kazi. Kazi yangu ni kupanga mizigo kwenye ghala, ambako kila kitu kina saa yake ya kuondoka. Nikaketi na kalenda na simu katika jiko letu, mtaa wa Beechmont. Mama alikuwa akisafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo tulibaki na Jumamosi na Jumapili tu. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Westerville, nje ya Columbus, na kutunza wazee, alipata ruhusa wikendi moja kwa mwezi. Mimi ningefika kwake kwa basi, kisha yeye angetuendesha kupitia Buffalo kumchukua Mama. Nikapata nyumba ya kupanga kando ya ziwa lile. Mwenye nyumba, mama mmoja mzungu mwenye sauti ya upole, akanieleza majira ya kwao: theluji huanza Novemba, ziwa huganda baadaye sana, na hakuna anayelikanyaga mpaka wenyeji watoboe barafu na kupima unene wake.

Wikendi yetu ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa Desemba. Alhamisi nikampigia mwenye nyumba. Akasema milima imeshakuwa myeupe, lakini ziwa lina utando tu pembeni, katikati maji bado yanacheza. Nikaahirisha. Kaka alinung'unika, maana alikuwa ameshapata mtu wa kumshikia zamu. Nikamwambia hakuna maana kumsafirisha mgonjwa mwendo wote ule akaone maji.

Nilipompa Mama habari hizo, akauliza, "Neige iko kwa milima?"

"Theluji iko, Mama. Ila ziwa halijashika."

"Mimi sina shida ya kutembea juu ya mayi, mwanangu. Niko nataka tu kuona ile milima."

Nikamwambia tungoje, jambo hili tulifanye mara moja tu na vizuri. Akasema bon, yaani sawa. Mama alisema bon alipochoka kubishana.

Mwanzoni mwa Januari mvua ilinyesha juu ya theluji, na barafu iliyokuwa imeanza kushika ikapasuka. Nikaahirisha tena, na kaka akahamishia ruhusa yake mwisho wa mwezi. Siku zile jirani yake, mama wa Kirundi aliyesali naye kanisa moja, aliniambia kwamba Mama sasa anapumzika mara mbili kabla ya kufika juu ya ngazi, na miguu yake imevimba. Nilisikia. Nikaandika kwenye kalenda, pembeni ya tarehe mpya: kutafuta kiti cha magurudumu.

Mwisho wa Januari mwenye nyumba akanipigia mwenyewe. Ziwa lilikuwa limeshika. Watu walikuwa wakivua samaki kwenye matundu. Ijumaa alfajiri nikapanda basi. Nilikuwa bado njiani habari ziliponifikia kwamba dhoruba imeingia Buffalo, barabara zimefungwa, na magari yamekatazwa kutoka. Nilipofika Columbus, kaka alinipokea kituo cha basi, tukaenda kukaa sebuleni kwake na simu mikononi.

Gari la kumpeleka Mama kusafishwa damu halikufika Ijumaa ile. Jumamosi, siku aliyopangiwa badala yake, pia halikufika. Kwenye simu alisema yuko salama, amekula kidogo, tusijitie hatarini. Jumapili asubuhi hakuweza tena kupumua akiwa amelala. Jirani akaita ambulansi, nayo ikaja polepole nyuma ya gari la kuondoa theluji. Sisi tulifika Jumatatu, barabara zilipofunguliwa, tukamkuta hospitalini.

Aliishi siku tisa. Hakulitaja ziwa. Mimi ndiye niliyelitaja, nikamwambia barafu sasa ni nene, akitoka tu tunaondoka. Akaniomba nimkande miguu. Nikaikanda, na vidole vyangu vikaacha mashimo kwenye ngozi yake, yakakaa muda mrefu kabla ya kujaa.

Siku ya nne kaka alinikuta kwenye korido, mahali pa mashine ya kahawa. Akasimama akitazama sakafu.

"Desemba alikuwa anapanda gari mwenyewe," akasema.

Nikabonyeza kitufe cha kahawa. Akarudi chumbani.

Tulimzika Buffalo, katika udongo mgumu uliolazimu kuchimbwa kwa mashine. Kanisani watu walisimama mmoja mmoja kunisifu: mtoto aliyemhangaikia mama yake, aliyepiga simu huku na kule ili mgonjwa apate furaha. Nikaitika kila mara, nikashukuru. Kaka alikuwa ameketi benchi la mbele yangu, nami niliona mgongo wake tu.

Siku chache baadaye mwenye nyumba alinitafuta, akitaka kujua kama bado tunaihitaji nyumba. Nikamwambia tumefiwa. Akanipa pole kwa maneno mengi mazuri, kisha, labda kwa kukosa la kuongeza, akaniambia majira bado ni marefu, barafu itashika mpaka katikati ya Machi. Nikamjibu asante, ampe mwingine.

Hatukwenda, wala hatujaongea habari ya kwenda. Jumapili kaka hunipigia baada ya ibada, tukaulizana habari za watoto, zamu, na baridi ya kila upande, kisha mmoja wetu husema ameacha chungu motoni.