Cheti Nisichokuwa Nacho

Barua pepe ilikuja Jumatatu asubuhi, nami niliisoma nikiwa nimesimama, maana mimi hukaa kitini pale tu kazi inaponilazimisha. Shirika lililokuwa likikarabati zahanati wilayani kwetu lilitafuta watu wa kutengeneza mabango, vipeperushi na alama za kuwaelekeza wagonjwa. Walikuwa wameona kazi zetu na wamezipenda. Walitaka kurasa mbili tu: waanzilishi wa studio ni akina nani, wametoka wapi, wamesomea nini, na wanafanya kazi na nani. Mwishoni, kwa herufi nzito, waliomba nakala za vyeti.

Nilifunga kompyuta, nikatoka nje, nikalizunguka jengo mara mbili. Niliporudi ndani mwenzangu alikuwa anachanganya rangi.

"Dada, kuna nini?"

"Kuna kazi kubwa."

"Sasa mbona unakimbia?"

Studio yetu ni chumba kimoja Mbulu mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Wakati huo tulikuwa na kompyuta mbili, meza ndefu aliyoitengeneza mwenzangu kwa mikono yake, na dirisha ambalo asubuhi za ukungu halionyeshi kitu. Tulikuwa watatu. Mwenzangu na mimi ndio tulioianzisha, na binti mmoja kutoka Getanuwas alijiunga nasi mwaka wa tatu. Nembo za maduka, vifungashio vya asali, kadi za harusi, fulana za mahafali, yote yalipitia hapo.

Mwenzangu nilikutana naye akiwa juu ya ngazi, anaandika jina la duka la dawa ukutani. Nilikuwa napita tu, sikuwa na kazi wala mpango. Nikasimama, nikamwambia herufi ya tatu imeikaribia mno ya nne. Alishuka, akarudi nyuma hatua kumi, akaangalia kwa muda, kisha akauliza, "Umesomea wapi?"

Nikamtajia chuo cha Dar es Salaam.

"Ulimaliza?"

"Nina diploma."

Ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba nilisoma mihula miwili kati ya sita. Nilidhani sitamwona tena mtu yule, na kwa mtu ambaye hutamwona tena, neno moja la uongo si mzigo. Mwezi uliofuata tulikuwa tunatafuta chumba cha kupanga pamoja.

Kwa hiyo Jumatatu ile, badala ya kuanza na habari zangu, nilianza na za wenzangu. Nilichukua daftari nikamfuata mwenzangu mezani.

"Niandike nini kuhusu wewe?"

"Andika fundi mabango."

"Kaka, wanataka ulikotoka."

Alisafisha brashi, kisha akanisimulia jambo ambalo kwa miaka mitano hakuwahi kulitaja. Alikulia kijiji cha juu ya mji, kwa Wairaqw wenzake. Alipomaliza darasa la saba, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, parokiani walimpa kazi ya kuandika majina kwenye misalaba ya makaburi. Siku moja aliandika jina la mtoto mchanga, akaruka herufi moja. Msalaba ukasimikwa, watu wakatawanyika. Mama wa mtoto hakujua kusoma. Zilipita wiki kadhaa ndipo kaka yake mama huyo, aliyetoka Arusha, akaliona kosa.

"Nilikwenda na kopo langu la rangi kurekebisha," alisema. "Yule mama alikuja akakaa kwenye nyasi, ananiangalia. Nilipomaliza akaniuliza, kwa hiyo siku zote hizi alikuwa anaitwa nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini, dada?"

Ndipo nikaelewa kwa nini kila bango alilisoma mara tatu, akifuata kwa kidole herufi moja moja, huku mimi nikitapatapa mlangoni na mteja anapiga simu. Nilikuwa nimedhani ni mzito tu.

Binti wa Getanuwas hakutaka kusema lolote. Watu wakishajua ametoka familia ya wafugaji wa Hanang, alisema, humuuliza habari za shanga na sketi za ngozi za mama yake, kana kwamba amezaliwa na ubunifu kwenye damu. Nilimwahidi sitaandika shanga hata moja.

"Basi andika ng'ombe," akasema.

Baba yake hakwenda shule. Dawa za mifugo alizitambua kwa rangi za chupa: ya kuogeshea ng'ombe, yenye sumu ya kupe, ilikuwa na karatasi nyekundu, ya minyoo ilikuwa ya kijani. Mwaka mmoja ya kuogesha ilikuja na karatasi mpya, ya kijani. Akawanywesha ndama wanne. Walikufa wote siku hiyohiyo, na binti huyo, akiwa darasa la sita, alirudi kutoka shule akamkuta baba yake amekaa katikati ya boma na chupa mkononi.

"Aliniambia nimsomee. Nikamsomea. Akasema, chupa imenidanganya."

Alipofika kidato cha nne alikuwa tayari anachora karatasi za kubandika kwenye chupa za baba yake: ng'ombe aliyefungua mdomo, ng'ombe anayemwagiwa maji. Kompyuta alijifunza kwenye duka la kuchapisha barua Katesh, kisha akaja kwetu na picha zile kwenye bahasha. Nakumbuka siku ile niliziangalia nikasema "nzuri", nikageukia kazi nyingine. Sikumuuliza zimetoka wapi.

Sasa daftarini nilikuwa na habari za watu wawili. Sehemu yangu ilikuwa tupu. Niliandika sentensi moja, nikaifuta. Nikaandika nyingine. Alhamisi niliwaambia nakwenda Basotu kuchukua vyeti vyangu kwa mama.

Mama yangu ni muuguzi mstaafu. Alitoka Kigoma, akapangiwa kazi huku akiwa kijana, akahamishwa kituo hadi kituo, na mimi nikiwa naye. Shule za msingi peke yake nimesoma nne. Nilijifunza kufunga sanduku kabla ya kujifunza kupika. Alipostaafu watu walidhani atarudi kwao, lakini alichagua Basotu, karibu na ziwa, akajenga nyumba ndogo akatulia kama mtu aliyezaliwa hapo. Mimi ndiye niliyebaki na ile hali ya kuhama. Kila mahali nilipofika nilianza kuangalia njia ya kutoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja ghafla, nani anaumwa?"

"Hakuna. Nimekuja kutafuta karatasi zangu za chuo."

Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na mkoba wake wa zamani wa kazini. Akaziweka mezani moja moja: barua ya kukubaliwa chuoni, kitambulisho chenye picha yangu nikiwa na mashavu, ratiba ya muhula wa kwanza.

"Za kuingia hizi hapa," alisema. "Za kutoka hukuwahi kuleta."

Nikachukua kile kitambulisho, nikakigeuza picha chini.

"Mwenzako anajua?"

"Hajui."

Alizikusanya tena karatasi taratibu. "Mimi nimehamishwa mara nyingi. Kila nilipoondoka nilikuwa na barua mkononi, na nilikabidhi funguo. Wewe unaondoka bila kumkabidhi mtu chochote. Hilo sikukufundisha mimi."

Alitaka nile samaki, nilale, niende kesho. Sikuweza. Nilikunywa chai nusu kikombe, nikatafuta bodaboda. Njia nzima nikipita mashamba ya ngano nilikuwa nikipanga maneno, nikayapanga vizuri sana, na nilipofika Mbulu yalikuwa yameshapotea.

Ijumaa asubuhi wote wawili walikuwepo. Mwenzangu aliniuliza kabla sijaweka mkoba, "Umevipata?"

"Havipo."

"Vimepotea?"

"Havikuwahi kuwepo, kaka. Nilisoma mwaka mmoja tu. Sina diploma."

Binti wa Getanuwas aliacha kubonyeza kompyuta. Mwenzangu aliniangalia kama alivyoangalia ile herufi ya tatu siku tulipokutana.

"Miaka mitano?" alisema.

"Miaka mitano."

"Mimi nimewaambia watu. Mama yangu nimemwambia. Padre nimemwambia. Kila mteja aliyeuliza, nilisema mimi nimeishia la saba, lakini mwenzangu amesoma, ana diploma. Umekuwa unanisikia nikisema."

"Nilikuwa nakusikia."

"Na ukanyamaza."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kufanya, maana kugombana nakujua. Alivua koti lake la kazi, akalitundika msumarini, akasema, "Mimi naenda shamba." Akaondoka.

Alikaa huko siku tisa. Nilipiga simu, hakupokea. Nilianza kufungua matangazo ya kazi za Arusha, za Dodoma, hata za Mwanza. Siku ya nne nilishusha sanduku langu kutoka juu ya kabati la chumbani, nikatia nguo, nikazitoa, nikatia tena. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Kilichonizuia si ushujaa. Ni kwamba binti wa Getanuwas alikuwa anakuja kila asubuhi saa mbili kamili, anafungua dirisha, anauliza, "Dada, leo tunafanya nini?" nami nikaona aibu ya kutokuwepo kumjibu.

Siku ya sita akauliza swali jingine. "Zile kurasa tunawapelekea?"

"Bila cheti?"

"Wameuliza tumetoka wapi. Tumetoka mahali."

Tukaziandika pamoja. Yeye alinizuia kila nilipotaka kupamba. Kwangu tuliandika: alisoma usanifu kwa mwaka mmoja, hakumaliza, mengine amejifunza kazini. Niliisoma sentensi ile nikiwa nimekaa kitini. Nikazituma kurasa zile kabla sijabadili mawazo.

Jibu lilikuja upesi. Walishukuru, walisema kazi zetu ni nzuri, lakini taratibu zao zinadai vyeti, kwa hiyo wametafuta watu wengine. Nililia kidogo. Si kwa ajili ya kazi hasa.

Mwenzangu alirudi siku ya kumi na matope kwenye viatu. Aliisoma barua ya kukataliwa, akasoma na zile kurasa, kidole chake kikitembea chini ya kila neno. Alipofika kwenye sentensi yangu alirudia mara tatu.

"Hii umeandika mwenyewe?"

"Nilisaidiwa."

"Haina kosa," akasema, akavaa koti lake. Wiki nzima baada ya hapo tulizungumza mambo ya rangi na vipimo tu.

Mwezi uliofuata mganga mfawidhi wa zahanati moja kule Yaeda Chini alimpigia simu mwenzangu. Walifahamiana zamani. Alitaka kuta zake zichorwe: wajawazito waende wapi, chanjo wapi, dawa wapi. Wengi wa watu wake hawajui kusoma, wengine Kiswahili chenyewe ni cha kubahatisha. Tukapanda wote watatu lori lililokuwa linapeleka mahindi, tukateremka bonde lile kwa saa nyingi, makopo ya rangi yakigongana miguuni.

Binti wa Getanuwas alikuwa amechora picha kwenye karatasi, na kabla ya kugusa ukuta alitaka kuwaonyesha watu waliokaa kivulini wakisubiri. Mimi niliona tunapoteza muda. Alimwonyesha bibi mmoja picha ya mama mjamzito.

"Shikamoo, bibi. Huyu ni nani?"

"Marahaba. Ni mzee," bibi akasema baada ya kuitazama. "Tumbo linamuuma. Amekula nyama nyingi."

Kivuli kizima kilicheka, na mwenzangu akacheka hadi akainama, na mimi nikacheka kwa kumsikia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Tulichora upya pale pale, mama akiwa na mtoto mwingine amemshika mkono, na bibi akakubali kwamba sasa ni mwanamke.

Jioni tulibaki ukutani wawili, mwenzangu na mimi, tukimalizia rangi ya ukuta wa wajawazito. Akaniuliza bila kunigeukia, "Kule chuoni walikufukuza?"

"Hapana."

"Uliumwa?"

"Hapana. Hakuna kilichotokea, kaka. Niliamka asubuhi, wenzangu wakaenda darasani, mimi nikaenda stendi. Nilipanda basi. Mpaka leo sijui kwa nini."

Alimaliza kona aliyokuwa anaipaka.

"Na hapa kwetu utapanda lini?"

Ningeweza kumwambia kamwe. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu na jepesi, kama lile la siku ya ngazi.

"Sijui," nikasema. "Kuna siku nataka."

"Basi siku hiyo uniambie asubuhi. Nisije nikajua jioni kwa watu."

"Nitakuambia."

Akanisogezea kopo. Ukuta wa upande wa chanjo ulikuwa bado haujaguswa, na mwanga ulikuwa umebaki kidogo, nikachukua brashi nikahamia huko.