Ndimi za Zambarau

Tulikuwa watu wazima kumi na wanane, tunalipwa kila mwezi, tuna vyeo na vitambulisho shingoni, na tulikuwa tukilishwa na mfagizi. Nasema kulishwa, na wala sitii chumvi. Ukifika ofisini asubuhi unakuta mezani mapera mawili, au kipande cha ukwaju, au konzi ya zambarau ndani ya kikombe chako mwenyewe, kimeshaoshwa. Hakuna aliyeuliza vimetoka wapi. Hata ahsante tuliibana, sembuse swali.

Mfagizi huyo ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Ofisini walimwita Dada Upembo kwa sababu ya upembo wake, ufito mrefu wenye kulabu nchani wa kuvutia matawi. Mimi ni dereva wa ofisi hiyohiyo ya maji, na kazi yenyewe niliipata kwa sababu yeye ndiye aliyeipeleka barua yangu kwa meneja, akasimama mlangoni na ndoo yake mpaka ikasomwa. Likumbuke hilo, maana mimi nililisahau siku niliyotakiwa kulikumbuka.

Watu wa mji wetu hawainui macho. Wanapita chini ya mti ulioinama kwa matunda, wanakwenda sokoni kununua matunda yaleyale yaliyolala siku tatu kwenye gunia, kisha wanarudi nyumbani wakilalamika kwamba yameoza. Shemeji aliushika mji mzima kichwani, mti kwa mti. Mvua za kwanza zikishanyesha, alikuwa nyuma ya posta akichuma majani machanga ya mlonge. Mvua zikikolea, ni mapera ya kwenye uzio wa hospitali. Zikikatika, maparachichi ya shule ya msingi, ambayo mwalimu mkuu alidhani ni ya kupigia picha. Kiangazi kilikuwa cha ukwaju wa barabara ya stesheni, na kungu za uwanja wa mpira, alizozigonga kwa jiwe taratibu apate kiini kizima. Halafu joto lilipopanda zilikuja zambarau, na mzambarau mkubwa kuliko yote mjini ulikuwa uani kwetu ofisini, umeegemea ukuta wa stoo.

Alikuwa na masharti yake. Matawi ya chini hayagusi, ni ya wapita njia. Kibichi hachumi. Na akimwona mtu anarusha jiwe mtini, alimtolea uvivu palepale barabarani, awe nani: "We baba, mti umekukosea nini? Omba upembo, au kaa chini usubiri lidondoke!"

Ulaji wa kila mmoja wetu aliujua kuliko wake zetu. Mhasibu alitaka mapera yaliyoanza tu kubadilika rangi, ya kukwaruza meno. Mimi ukwaju, niumumunye njiani nisisinzie kwenye usukani. Meneja alipenda zambarau zilizonyunyiziwa chumvi kidogo, na alizila mlango ukiwa umefungwa, kokwa akizitemea kwenye bahasha za ofisi. Bwana mkubwa mzima, anajificha kula tunda.

Basi akaletwa afisa utumishi mpya, kijana wa suti, mwenye kalamu tatu mfukoni na asiye na kazi. Mtu asiye na kazi ni hatari akiwa na kalamu. Wiki ya pili akamwona shemeji akitoka getini na kikapu. Kesho yake ikatoka barua: mfagizi anavuna na kuuza mali ya ofisi, kwa hiyo ajieleze, la sivyo kazi hana.

Shemeji aliisoma barua akiwa ameegemea ufagio. Alikuwa na miaka kumi na mitano pale, na alikuwa mjane. Nyumba nzima ilitegemea ufagio ule.

"Mimi siuzi," akamwambia meneja. "Za hapa nawagawia wenyewe wa hapa, na kikapuni nabeba za kwangu za kula. Uliza watu wako. Akisema mmoja tu, inatosha."

"Hapo umesema," meneja akajibu, kwa macho makavu, kana kwamba si yeye mwenye bahasha zilizojaa kokwa. "Kesho saa nne tutakaa kikao. Akipatikana shahidi mmoja, yameisha."

Jioni mke wangu akaniambia, "Dada ana bahati, wewe upo." Nikaitikia. Hata nilivimba kichwa kidogo.

Sasa sikiliza ujinga wa watu. Asubuhi ya kikao shemeji alifanya kama kawaida. Zilikuwa zambarau za kilele cha msimu, nono, nyeusi, zinapasuka zenyewe. Kila meza kikombe chake. Na sisi, tukijua fika kikao kinamhusu nani na kinahusu nini, tukala. Tukala zote! Saa nne tukaingia ukumbini ndimi zetu za zambarau kuanzia nchani mpaka kooni, midomo imepakwa, na hakuna aliyekumbuka hata kusukutua.

Afisa utumishi akasimama. Kabla ya kuuliza akatoa onyo: yeyote aliyepokea tunda lolote atahesabika ameshiriki, na ataandika barua ya maelezo. Barua ya maelezo! Karatasi moja, tena nusu ukurasa, inakwenda kulala kwenye faili ambalo panya wenyewe hawaligusi. Kwa hilo tu nilisikia viti vikilia, watu wakirudi nyuma.

"Haya. Nani alipewa?"

Mikono ikabaki mapajani. Akaona haitoshi, akaanza kuuliza mmoja mmoja. Mhasibu, ambaye siku zote humwezi kwa maneno, akaweka leso mdomoni na kushika shavu, jino linamuuma ghafla. Karani akatikisa kichwa. Mtunza stoo akaguna "mm-mm" midomo imebanwa kama anayenyweshwa dawa. Meneja akawa anaandika, ameinama, hakuna alichokuwa anaandika.

"Mbona leo wapole hivi?" afisa akashangaa. Kijana wa watu, amesoma kote huko na hajui zambarau inafanya nini ulimini.

Shemeji alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Angesema neno moja tu, "Watoe ndimi," kikao kingekwisha kwa kicheko na yule kijana angetafuta pa kuficha kalamu zake. Hakusema. Alikuwa akimwangalia kila aliyeulizwa, na zamu ilivyosogea akabakia kuniangalia mimi.

"Dereva. Wewe ulipewa?"

Nilifikiria barua ya maelezo. Nilifikiria kwamba imebaki miezi mitatu tu nipandishwe daraja. Nikatikisa kichwa. Kisha nikatazama sakafu, ambayo ilikuwa imepigwa deki asubuhi hiyo, inang'aa.

Akatolewa kazini siku hiyohiyo. Aliondoka na upembo wake begani, ndoo akaiacha imefunikwa vizuri.

Nyumbani mke wangu aliuliza swali moja: "Na wewe ulisema nini?" Nikamwambia sikusema kitu. Akageukia sufuria yake, na kwa mwezi mzima alinipakulia chakula kama mtu anayemlisha mpangaji.

Ofisini zambarau zikaanguka zenyewe. Zikapondeka uani, zikachafua magari, nzi wakatukalia kooni, na afisa utumishi akaandika barua kulalamikia nzi. Yupo hata aliyenyoosha mkono kuchuma? Wapi! Mhasibu alikuwa akifika asubuhi, anatazama ndani ya kikombe chake, anakigeuza, anakirudisha. Siku moja meneja akaniuliza garini, sauti ya chini, "Hivi yule shemeji yako siku hizi hapiti hata kutusalimia?" Mtu hana haya hata chembe. Nami nikamjibu vizuri, "Hapiti, mzee," kwa sababu nilishapandishwa daraja.

Msimu uliofuata nilimkuta barabara ya benki, chini ya mzambarau mwingine. Alikuwa na meza ndogo, anauza kwa kopo. Ndiyo, anauza, kazi waliyomsingizia ndiyo waliyomwachia. Nikasimamisha gari la ofisi, nikamwamkia. Akaitikia bila kinyongo, akaniuliza habari za mdogo wake, akanimiminia konzi kiganjani na kukataa hela.

Ndipo nikamuuliza lile lililokuwa likinikera mwaka mzima. "Shemeji, siku ile kwa nini hukuwaambia watoe ndimi?"

Akainua upembo, akanasa tawi, akalivuta taratibu kama kawaida yake.

"Wale sikuwa na haja nao," akasema. "Mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikabaki nimesimama pale na zambarau mkononi. Halafu nikazila, zote, na zilikuwa tamu.