Mkono Kwanza

Marselino alikuwa Mzinza wa Chato. Miaka kumi na minne alishika usukani wa jahazi la Jafferali, lililobeba pamba kuipeleka Mwanza. Jafferali alipoliuza, Marselino akaja Geita kuchimba dhahabu pamoja nasi, na maneno yote ya chomboni akaja nayo.

Sisi Wasukuma wa nchi kavu tulimcheka mpaka basi. Shimo letu alilipa omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kama vile lingeelea. Maji machafu ya chini aliyaita ngama. Kumpandisha mtu kwa kamba ilikuwa “Tweka!” Kumshusha, “Tua!” Mimi mshika kamba, kituo changu kilikuwa tezi. Na alikuwa mkali huyo! Ukiuliza kabla ya kutii, anakufokea, “Mkono kwanza, mdomo baadaye! Ziwani ungeshaliwa na mamba.”

Tukamzoea. Kusema kweli, nilimpenda.

Septemba 1983, jua likiwa kali, tulitandika turubai juu ya shimo. Mchana mmoja nilikuwa namvuta mwenzetu Bujiku, amefika nusu ya njia. Ghafla upepo wa vumbi ukaingia chini ya turubai, likavimba, miti iliyolishikilia ikapinda. Marselino akaruka juu.

“Achia!”

Kwenye jahazi, upepo ukilipiga tanga namna hiyo, unaachia kamba yake papo hapo, la sivyo mnapinduka wote. Alitufundisha hivyo mara mia. Nami nikaachia nilichokishika.

Bujiku alivunjika shingo. Alikufa kabla hatujamfikia.

Pale machimboni tulikubaliana kusema kamba ilikatika. Kamba hukatika kila siku, nani angeuliza? Tukampeleka kwao Ngokolo, Shinyanga. Njia nzima Marselino alirudia jambo moja: “Niliona tanga. Wallahi, niliona tanga tu.” Mkristo yule, kiapo chenyewe alikiokota kwa mabaharia. Nilimsihi anyamaze.

Hakunyamaza. Baada ya maziko alipiga magoti mbele ya mjane, Zipora.

“Mama Limi, kamba haikukatika. Mimi ndiye niliyepiga kelele, mumeo akaanguka. Nimemuua mimi.”

Zipora alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamwambia aondoke, na asikanyage tena pale. Marselino akachukua kofia yake akatoka, hakunitazama wala hakunitaja. Nasikia alirudi Chato akalima mihogo, na mpaka leo hapandi chombo.

Zipora akanigeukia.

“Na wewe, shemeji, siku hiyo ulikuwa wapi?”

Nilijua kilichonipasa kusema. Mwenzangu alikuwa amekisema sasa hivi, tena kwa magoti.

“Nilikuwa tezi,” nikasema.

Hakujua tezi ni wapi. Akanipa pole, akaniletea maji na ugali. Nikanawa mikono, nikala.