Kesi ya Debe

Gitaa langu nililinunua kwa jasho langu. Nasema hivyo kwa anayeuliza na kwa asiyeuliza. Nilitoka Vudee, kule milimani, na kandambili na cheti cha kidato cha nne, nikasoma stashahada ya ufundi wa elektroniki Dar es Salaam huku nikipiga kwenye kumbi za harusi, kisha nikaenda Muscat kupiga hotelini miaka mingi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi Same nilifungua duka la kukodisha spika na kutengeneza amplifaya. Ukutani, nyuma ya meza yangu, stashahada iko kwenye fremu upande mmoja na gitaa linaning'inia upande wa pili. Mteja akiingia lazima aone vyote viwili.

Ni gitaa la Kimarekani, la kule kule, si la jina tu. Mwili wake una rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Shingo haina vanishi, imelainishwa na kiganja changu mwenyewe. Napenda sauti safi, kavu, yenye mwangwi kidogo mno, kila noti isimame peke yake na ijulikane ilikotoka. Wanaopenda sauti ya kukwaruza siwaelewi, na sijawahi kujitahidi kuwaelewa. Mtu akishajua kizuri hana sababu ya kujifanya hajui ili wengine walale salama.

Jumapili baada ya ibada, wenye magitaa ya umeme tulikuwa tukikutana dukani kwangu. Hatukuwa wengi. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari, mtu wa Usangi, mwenye gitaa la Kijapani la zamani alilolitunza kama mtoto mchanga. Na kulikuwa na mkulima wa mpunga wa Kihurio, huko tambarare, mkubwa kwangu kwa umri, mwenye gitaa jekundu la Kichina.

Mimi na Mwalimu tulibishana kwa heshima. Yeye alifunga nyuzi nene, mimi nyembamba.

"Nyuzi nyembamba ni za wavivu," aliniambia.

"Nyuzi nene ni za watu wa Usangi. Mmezoea kukokota ng'ombe."

"Afadhali sisi tuna ng'ombe wa kukokota. Nyie huko Vudee mnakokotana wenyewe."

Tulicheka. Wa Kihurio naye alicheka, ingawa hakuna aliyemuuliza nyuzi zake ni za aina gani. Siku moja nilimuuliza kwa nini alichagua lile gitaa. Akajibu bila aibu, "Nililipendea wekundu wake." Nilimwambia mtu anayenunua gitaa kwa rangi ataoa mke kwa kilemba. Akasema mke wake alimpata bila kilemba, tena Chome, juu mlimani. Mwalimu akapiga meza kwa kicheko.

Huyo mke ndiye chanzo cha yote. Alipoolewa, kaka zake walisema dada yao anateremka kuliwa na mbu. Watu wa milimani tuko hivyo: anayekaa tambarare, hata awe na ekari ngapi za mpunga, kwetu ni mtu wa kuonewa huruma. Kila Krismasi mume alipanda Chome na magunia ya mchele, na kila Krismasi mashemeji walimpokea magunia wakamwacha yeye karibu na mlango. Sasa kwaya zilikuwa zinaungana kwenye ibada ya mavuno huko huko Chome, na alikuwa anatafutwa mtu wa kupiga gitaa la solo.

"Nataka nipige mimi," alitwambia. "Wale mashemeji zangu waniangalie mara moja nikiwa nimesimama."

"Usimame na hilo?" nikamuuliza. Alikuwa amelichomeka kwenye amplifaya yangu na lilikuwa linanguruma kabla hata hajaligusa. "Kaka, hilo ni debe."

Mwalimu alipaliwa na chai. Wa Kihurio alichomoa waya, akaukunja polepole, akaondoka. Jumanne nikapata taarifa kwamba nimeshtakiwa kwa wazee wa kanisa.

Asiyetujua Wapare atashangaa. Sisi kesi ni kama makande: inaliwa ya moto, na ikibaki inapashwa. Wazee wanne walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kanisa, mwenyekiti akiwa mstaafu mwenye kikohozi. Mlalamikaji alisimama na shati lililopigwa pasi.

"Ameniita debe tupu," alisema.

"Sikusema tupu," nikasema.

"Kila mtu anajua debe likitajwa linafuata nini. Debe tupu haliachi kuvuma. Kwa hiyo mimi ni mtupu, na ninavuma."

"Nilisema gitaa lake ni debe. Yeye sikumgusa."

Mzee mmoja akauliza kama debe lenyewe lilikuwa na kitu ndani wakati huo. Mwingine akasema gitaa kwa asili yake liko tupu, ndiyo maana linatoa sauti, kwa hiyo huenda neno si tusi. Nikamsahihisha kwamba hilo ni gitaa la kawaida. La umeme ni gogo zima, halina utupu. Mwenyekiti akaniambia nisubiri kuulizwa. Walijadili neno hilo moja mpaka chupa mbili za chai zikaisha: je, methali inamfuata mtu hata kama hakuimalizia? Mwalimu, aliyeitwa kama shahidi, alisema kwa Kiswahili sanifu kabisa kwamba methali ni kama mkia, huja na mnyama wake. Nilimtazama vibaya.

Hatimaye mwenyekiti akatoa uamuzi. Twende Chome wote wawili. Kabla ya ibada kuanza, kila mmoja apige ubeti mmoja na kwaya, mbele ya watu. Gitaa la mlalamikaji likisema vizuri, mimi nitamwomba radhi pale pale kanisani na solo itakuwa yake. Likishindwa, neno langu libaki lilivyo na solo ni yangu.

"Mmekubali?"

"Nimekubali," alisema, na uso wake uling'aa. Nadhani alikuwa amewaona mashemeji tayari.

Nilipanda Chome mapema na gari la vyombo. Kule juu, karibu na msitu wa Shengena, asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya viatu. Mtu aliyesoma anajua chuma kikipoa husinyaa. Uzi wa gitaa uliotyuniwa kwenye joto la tambarare, ukifika mlimani unajikaza wenyewe na sauti yake inapanda. Kwa hiyo unaacha gitaa likae kwenye kasha lake, unafungua kifuniko kidogo, unalipa muda wa kuzoea hewa, ndipo unatyuni. Nilifanya hivyo. Mwalimu naye, aliyekuja kusaidia vyombo, alikaa akinitazama.

Wa Kihurio alifika kwa bodaboda kengele ikiwa karibu kulia. Gitaa alilifunga kwenye kanga ya mkewe, limepigwa na jua njia nzima ya chini na upepo wa baridi njia nzima ya juu.

"Shikamoo kaka," nikamwamkia.

"Marahaba. Niko tayari. Nimeshatyuni nyumbani."

Mwalimu alifungua mdomo. Nikamshika mkono wa shati. "Mwache," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Kesi ni yake."

Mashemeji walikuwa benchi la mbele, makoti yamefungwa vifungo vyote. Mkewe, aliyetangulia kupanda, alikuwa kwenye safu ya sauti ya kwanza. Mlalamikaji nilimchomekea waya kwa mkono wangu. Nilimpa hata spika yangu bora, asije akasema nilimwibia sauti.

Kwaya ikaanza. Akaingia. Kila alichopiga kilikuwa juu ya kwaya, si juu kwa fahari, juu kama mtu anayeimba huku amekanyagwa. Kinamama wakaanza kumtafuta, wakapanda kidogo, kinanda kikawavuta chini, sauti ya tatu ikapotea kabisa. Mwenyekiti alikohoa. Yule mtu alitabasamu kwa watu, akapeleka mkono kwenye kichwa cha gitaa kurekebisha.

Hapo nilijua imekwisha. Kihurio kuna joto, na kwenye joto nyuzi hulegea. Miaka yote mkono wake ulikuwa umejifunza jambo moja tu: gitaa likikosea, kaza. Uzi ambao mlima ulikuwa umeshaukaza, naye akaukaza. Akakaza tena. Ulikatika kwa mlio uliopita kwenye spika yangu bora na kujaa kanisa zima, na ncha yake ikamchapa shavuni.

Shemeji mkubwa ndiye aliyecheka wa kwanza. Wa pili akasema, na si kwa kunong'ona, "Mbu wamemfuata mpaka huku." Benchi lote likatetemeka. Mkewe alitazama chini, lakini mabega yake niliyaona, nayo yalikuwa yanacheka. Mumewe alibaki amesimama na kidole shavuni, anamtazama mwenyekiti kana kwamba kuna hoja ya kisheria iliyobaki.

"Neno limebaki lilivyo," alisema mwenyekiti. "Kaa, ndugu yangu."

Nikasimama mimi. Sitajidai kwamba nilipiga kwa huzuni. Nilipiga vizuri, kila noti ikaenda nilikoituma, na kinamama waliitikia kama watu waliorudishiwa nyumba yao. Baada ya ibada, kwenye pilau, mashemeji walinivutia kiti katikati yao na kuniuliza habari za Muscat. Yeye alikula akiwa amesimama, kisha wakamwomba awasaidie vijana wangu kupakia spika, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mitupu. Alipakia. Alizipanga vizuri, nitamsifu kwa hilo.

Jumapili zilizofuata hakuja dukani. Tulikutana gulioni Same, amebeba mfuko wa mbolea begani.

"Ulijua?" akaniuliza, hata hatujasalimiana.

"Nilijua."

"Na Mwalimu?"

"Alijua. Nilimzuia."

"Ungeniambia neno moja tu. Legeza. Neno moja."

"Kaka, ulinishtaki. Umeona wapi mshtakiwa anamfundisha mlalamikaji?"

Aliushusha mfuko chini. Nilifikiri atanipiga, na nilikuwa tayari. Lakini alifuta jasho tu.

"Mashemeji wamepiga simu," alisema. "Wanasema Krismasi nisipande na chombo. Nipeleke mchele tu."

Nilimwambia mchele wa Kihurio ni mzuri, apeleke.