Mshumaa wa Wafaransa

Niseme mapema nisisumbuliwe: mimi nashabikia Ufaransa kwenye raga, na anayekasirika akasirike. Kule Uvira nilikuwa mwalimu wa Kifaransa. Hapa Buffalo, mtaa wa Black Rock, napanga maboksi kwenye ghala, na Kifaransa kilichobaki mdomoni ni "bon" na "donc", yaani haya na basi. Siku za mechi natafuta matangazo ya Kifaransa kwenye simu. Naisikia lugha ikisemwa na watu wanaoijua, na kwa dakika themanini najiona mwalimu tena.

Wengine wote kwangu ni maadui. Waingereza wanapiga mpira juu na kusubiri, wanapiga na kusubiri, mpaka unasinzia. Waairishi hawana kosa ila kushinda. Wale wa New Zealand mama yangu anawapenda, maana ile ngoma yao ya kabla ya mechi anaamini ni maombi ya kufukuza mapepo. "Hawa wanamtanguliza Mungu," anasema. "Nyinyi Wafaransa munaimba tu."

Lakini adui mwenyewe ni Afrika Kusini, na hapo ndipo anapoingia yaya. Kwetu yaya ni kaka mkubwa, na huyu wangu anakaa Louisville, upande wa South End, anafanya kazi kiwandani. Kabla ya Amerika aliishi Durban miaka tisa, akaja huku na jezi ya kijani asiyoivua. Mwaka ule Wafaransa walipotolewa na Afrika Kusini robo fainali ya Kombe la Dunia, nyumbani kwao, kwa pointi moja, moja jamani, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika zote nne ni kicheko kitupu.

Ningecheka nami yakaisha. Lakini mdomo wangu hauna breki. Nikamjibu kwenye grupu ya familia, mbele ya wakwe na watoto: "Walikuchomea duka, wakakupiga mawe, na bado unawapigia makofi. Huna haya?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Duka lile la Durban lilikuwa jasho lake lote, na alitoroka humo kwa dirisha la nyuma. Siku ile ile akatoka kwenye grupu na kuapa kwamba hatakanyaga nyumba yangu. Shida ni kwamba nyumba hiyo tunaishi wawili, mimi na mama, simu ni moja nayo ni yangu, na miguu ya mama haiwezi tena safari ya saa nane kwa gari. Donc, miaka miwili mama hakumwona mtoto wake wa kwanza. Kila Jumapili aliniuliza, "Umemuomba musamaha?" Nami kila Jumapili nilijibu, "Kesho, mama." Nilikuwa na kiburi, basi.

Ikaja Novemba, Waafrika Kusini wakaenda kucheza Paris. Mtu wao akala kadi nyekundu kabla ya mapumziko, wakabaki kumi na wanne. Nikaanza kufurahi mapema, mjinga mimi. Wakatupiga hivyo hivyo, kumi na wanne wao. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikachukua picha ya mshumaa kwenye giza, nikaiweka kwenye stetasi, nikaandika: "Tumepoteza. Moyo umevunjika. Musinipigie simu." Nikazima simu, nikalala.

Mtu yeyote wa kwetu anajua maana ya mshumaa kwenye simu: nyumba hiyo imefiwa. Hatuuweki kwa mchezo. Mimi niliuweka.

Asubuhi ya Jumapili, napiga pasi shati la kanisani, nikasikia kilio barabarani. Kwetu anayekuja msibani hapigi hodi. Analia tangu mbali ili wafiwa wajue hawako peke yao. Nikachungulia. Dada yangu wa Columbus, kitenge cheusi kichwani, sufuria kubwa mikononi, anakuja akiomboleza, "Mama weee! Mama, umetuacha na nani?" Nyuma yake gari mbili, zimejaa wanakwaya wa kanisa lake.

Sasa, kwetu pia ukisikia kilio unaitikia kwanza, maswali yanafuata. Mama alitoka jikoni na fimbo yake, akajitupa kwenye kiti cha barazani, akapaza sauti kuwashinda wote: "Uwiii! Mtoto wa watu! Ametuacha!" Wakalia pamoja, marehemu na wafiwa wake, dakika nzima, majirani wametoa vichwa madirishani. Kisha mama akavuta pumzi, akauliza, "Ni nani alikufa?"

Dada akaangusha sufuria. Wali wote ukamwagika ngazini.

"Ni Ufaransa," nikasema mlangoni, pasi bado mkononi. "Walipigwa jana."

Sitaandika dada aliniita nini. Ameokoka tangu Uvira, lakini asubuhi ile wokovu ulikaa pembeni kidogo.

Ndipo yaya akashuka garini. Suti nyeusi, tai nyeusi, na mvi ambazo sikuzijua. Alikuwa ameendesha usiku kucha kutoka Louisville, akampitia dada Columbus, hajala kitu. Alimtazama mama pale kitini. Alikaa chini kwenye majani yenye barafu na suti yake ile, akalia. Hicho hakikuwa kilio cha desturi.

Nilishuka mbio, nikakanyaga wali. "Yaya, nisamehe. Si kwa mshumaa tu. Nisamehe kwa lile neno la duka. Nilikukosea, na niliogopa kukuambia."

"Nyamaza, wewe. Tutaongea," akasema, bila kunitazama. "Njia yote nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama kwenye jeneza. Njia yote. Na nilijua hatayasikia."

Mama aligonga sakafu na fimbo.

"Bon," akasema. "Niko hapa. Masikio iko muzuri. Kuja uniambie."