Herufi Moja kwa Bantu Babili

Miye nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primeri tu, lakini majina hainipotee. Naweza kukutajia bote balioishi mu avenue yetu mu camp ya bafanyakazi, nyumba kwa nyumba, hata batoto balikufwa mbele ya kujua kutembea. Hapa sitaandika hata jina moja. Bajukulu ba bale bantu beko bangali kule, na tunakutanaka ku soko.

Mu nyumba ya pembeni kulikuwa mama moja wa Kasai, jimbo ingine, mbali na kwetu. Bwana yake na bwana yangu balikuwa banatumika pamoja ku tanuru ya shaba. Alipozaa mutoto wa tatu, mwanamuke, alimupatia jina yangu. Kwetu mutoto wa jina yako ni weye mwenyewe. Hauwezi kumupiga, hauwezi kumunyima bukari ya kula, na bantu bakipita banamusalimia sawa vile banakusalimia weye. Mama yake alikuwa ananiletea ule mutoto asubui, mbele ya kwenda soko, na kusema: "Mama, chunga mwili yako, narudia sasa hivi." Tunacheka. Kila siku neno moja ile, na kila siku tunacheka.

Kisha kazi ikakufwa. Tanuru zikazimika moja-moja, unga ya kampuni ikakatika, na bantu bakaanza kusema kama balioleta njaa ni ba Kasai. Bavijana balikuwa banapita mu camp muchana kabisa, na fimbo, banaonesha nyumba na kidole. Familia ya pembeni bakafunga bintu mu mashuka, bakaenda kungojea treni ku gare, kwenye bantu balikuwa banalala chini mu mvua. Siku ya kutoka mu camp, mama akaniletea ule mutoto wa jina yangu, abakie kwangu mpaka treni ikuye. Alikuwa na miaka tano. "Mama, chunga mwili yako." Ile siku hakuna aliyecheka.

Nilimuchunga siku tatu. Siku ya ine bale bavijana bakasimama ku mulango yangu. Bakauliza niko na batoto wangapi. Nikabaambia hesabu ya bale nilizaa. Bakasema bon, ule mwenye hayuko mu hesabu arudie kwabo. Bakaenda zabo. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyeinua fimbo. Nilimunawisha mutoto miguu, nikamushika mukono, nikamupeleka mpaka ku gare miye mwenyewe.

Njia yote alikuwa ananiuliza kama treni iko na madirisha.

Mama yake aliniona kwa mbali, akaelewa mbele sijafika. Akamupokea. Akasema polepole tu: "Kumbe haukuweza kuchunga hata mwili yako." Nikarudia nyumbani.

Kisha miezi kupita, muntu moja alinieleza kama surua ilipita pale ku gare, ikachukua ule mutoto. Hakuona treni. Alizikwa na jina yangu.

Sasa tuko Kasungami, ku mwisho wa muji, tulishapoteza nyumba ya kampuni zamani. Mujukulu yangu, binti ya mutoto yangu wa kwanza, alikuwa anasoma sosioloji ku univerisiti, kule Kasapa. Niko natwanga sombe, majani ya muhogo, yeye anasoma kwa sauti. Akanielezea mabishano ya baprofesa babo. Bamoja banasema muntu ni kama tofali mu forme, mu kisanduku yake: kazi, serikali, njaa, njo binamupatia sura, yeye hajui. Bengine banasema hapana, muntu anajua chenye anafanya, na anachagua. Na ba siku hizi banasema bile bintu mbili binazaana, haiwezi kutenganishwa. Nikamuuliza: "Na miye niko upande gani?"

"Nkambo, weye hauna upande. Weye uko mali ya kuchunguza."

Tukacheka. Lakini alipokuya na telefone yake kurekodi, nilimupatia habari yote ya ule mutoto, na nikamuomba kintu kimoja tu. Abaulize baprofesa: ile siku, aliyetembea na mutoto mpaka ku gare alikuwa nani? Ni miye, ao ni bile bintu bikubwa? Nilingoja jibu miaka mingi, na padri hakunipatia. Mujukulu akaahidi.

Siku ya kutetea kitabu chake cha kumaliza masomo, mbele ya baprofesa, nilivaa kikwembe cha sikukuu, nikakaa ku benchi ya nyuma. Kifaransa yangu ni ya soko, lakini nilifuata. Sheria yabo ni kuficha majina: kila jina inapewa herufi. Mujukulu yangu ni muntu wa kufuata sheria. Jina ilikuwa moja, yangu na ya ule mutoto, akaandika herufi moja. Miaka yetu aliondoa, juu inaweza kutambulisha bantu. Kufwa kwa mutoto aliondoa pia, juu mwalimu wake alisema sikuona na macho yangu.

Profesa mwenye mvi akafungua ukurasa, akasoma kwa furaha. Akasema tazameni huyu mwanamuke: anafukuzwa, na anafukuza. Anasema mwenyewe kama alipeleka mwili yake ku gare. Jamii nzima iko ndani ya muntu moja. Mwenzake akakataa, akasema hapana, huyu mama alichagua kuenda ku gare, tumuachie akili yake. Bakabishana kwa nguvu na heshima, muda murefu, juu ya mwanamuke mwenye hakuzaliwaka.

Mujukulu akageuka, akanitazama. Alijua. Niliona mudomo yake inafunguka. Kisha akatazama karatasi, akasema: "Asante, profesa." Na miye nilikuwa na miguu ya kusimama, na sauti nilikuwa nayo. Nikakaa.

Balimupatia alama kubwa. Bantu bakapiga mikono.

Mu njia ya kurudia tulitembea mpaka pahali pa mwisho banachomaka matofali, karibu na mashamba. Ndipo akasema kama angesahihisha, bangeangusha kazi yake yote.

"Balikukataza?" nikamuuliza.

"Hapana, nkambo. Hakuna aliyenigusa."

Tukaendelea na njia.

Alisema atabadilisha mbele ya kitabu kuingia mu biblioteki. Kilishaingia vile vile. Kimoja aliniletea, na niko nakisoma na kidole, polepole, natafuta ile herufi. Iko ku kurasa nyingi. Iko ku mulango, iko ku gare, iko inarudia nyumbani. Hakuna pahali banasema alikufwa. Angekufwa namna gani? Nilikuwa nimekaa pale ku benchi ya nyuma, bote balinisalimia.