Siku Niliyompuliza Malkia Kule Sake

Mpaka leo nikipita Sake siku ya soko naangalia chini, maana kuna watu pale wananiita Mupulizaji, na aliyeniponza si mwingine ila mkono wangu wa kulia.

Mkono huo niliunyoosha darasani siku Papa Anselme, mwalimu wetu wa hesabu, alipouliza nani anajua sataranji, kwa sababu shule ingepeleka mwanafunzi mmoja tu mashindanoni kule Sake, na mimi, bingwa wa dame, yaani drafti, ya vifuniko vya chupa (hata wazee wa pale sokoni nilishawafunga), nikaona ni yale yale, ubao si ule ule wa miraba? Furaha, msichana wa Ngungu aliyejifunza mwaka mzima kwenye daftari la kaka yake, alinyoosha wake akachelewa. Nafasi nikaibeba mimi.

Wiki nzima nikajifunza kuandika tu: kwa herufi za Kifaransa farasi ni C, ngome ni T, malkia ni D, kila mraba una herufi na namba yake, na mwandiko wangu, niseme ukweli, ulipendeza. Namna vipande vinavyotembea niliipitia juu juu. Kuuliza sheria? Ningeulizaje, na nilishasema najua?

Siku ikafika, ukumbi umejaa, mbele yangu amekaa dada mmoja mpole wa Shasha. Malkia wake angeweza kula pioni yangu, kile kipande kidogo cha mbele, akaiacha. Sasa kwetu kwenye dame, mtu akisahau kula, unapuliza kipande chake na kukiondoa. Nikamchukua malkia, nikampuliza fuu, nikamtia mfukoni, kisha nikaandika vizuri kwenye karatasi: D, nimepuliza.

“Kaka, rudisha malkia yangu,” dada akasema polepole.

“Ulisahau kula, dada. Njo sheria.”

Msimamizi akasogea. “Hiyo iko sheria ya dame, mutoto wangu. Huku hatupulizake.”

Nikamrudisha, na kwa kutaka kufuta aibu nikashika ngome, nikaruka pioni tatu za dada kwa mpigo kama kwenye dame, nikazikusanya zote. Kumbe huku kosa la pili la sheria ni kushindwa: nimeshindwa, na shule imetoka mashindanoni. Watu walicheka mpaka wa nje wakaingia kuuliza kuna nini.

Jumatatu Papa Anselme akabandika karatasi yangu ukutani, na kwa vile niliandika vizuri mno, kila mtu aliweza kuirudia aibu yangu hatua kwa hatua. Furaha ndiye aliyewasomea. Yeye hakucheka.

“Ungesema haujue,” akaniambia, “njo mimi ningeenda.”

Hilo liliniuma kuliko vicheko vyote. Siku hizi ananifundisha yeye, na mwalimu akiuliza nani anajua, mkono wa kulia naukalia kwanza.